Theluji Isipoanguka, Nani Analipa?

Majira ya vuli ya mwaka 1864, Waingereza wanne walikuwa wakifunga mizigo kuondoka St. Moritz, kijiji cha Uswisi kilicho yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwenye hoteli waliyofikia, Johannes Badrutt, alijua kinachofuata: wageni wakishaondoka, vyumba vitakaa vitupu hadi joto lirudi. Kisa chenyewe kimesimuliwa mara nyingi hata kimekuwa hadithi ya mji. Inasemekana aliwawekea dau. Warudi wakati wa baridi. Wakilikuta jua analolisifu, watakaa kwake kadiri watakavyo. Wakikuta giza na unyevu kama wa London, yeye atawarudishia nauli ya kuja na kurudi. Waingereza wakaja, wakakaa hadi majira ya kuchipua, wakarejea kwao nyuso zimebabuka kwa jua.

Wageni wale hawakuja kuteleza kwa skii, maana mchezo huo ulikuwa bado haujafika Alpi. Walitembea, wakacheza juu ya barafu, wakaota jua. Lakini katika dau lile limo swali ambalo kila anayepanga likizo ya theluji amelikuta mezani tangu hapo. Nauli hupigiwa hesabu. Malazi, chakula, mavazi na vifaa hupigiwa hesabu. Theluji yenyewe, ambayo ndiyo sababu ya safari, haimo ghalani mwa muuzaji. Isipoanguka, hasara ni ya nani? Badrutt alisema ni yake. Waliomfuata katika biashara hiyo hawakuwa wepesi kusema hivyo.

Kwa watu wa Norwei na majirani zao, skii zilikuwa chombo cha kazi kwa karne nyingi: za kuwindia, za kwenda kanisani, za askari na za wapeleka barua. Katika karne ya 19, Sondre Norheim wa Morgedal, mkoani Telemark, alizitengeneza upya kwa kuzipa umbo jembamba katikati na kifungo kinachoshika kisigino, hata kupinda na kuruka kukawa rahisi zaidi. Kilichowaamsha watu wa Alpi ni kitabu. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen alivuka Greenland kwa skii, akaandika habari za safari yake, na tafsiri ya Kijerumani ilipotoka mwaka 1891, vijana wa Ujerumani, Austria na Uswisi walianza kuagiza mbao hizo kutoka kaskazini.

Davos, mji wa Uswisi uliojulikana kwa kutibu kifua kikuu, walikuwapo ndugu wawili, Tobias na Johann Branger, waliojifunza kwa siri ili wasichekwe na majirani. Machi 1894 walimchukua mgeni mmoja wakavuka naye mlima hadi Arosa. Mgeni huyo alikuwa Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, aliyekuwa Davos kwa sababu mkewe aliugua kifua. Kwenye mteremko mkali skii zake zilimponyoka, akashuka kwa makalio, na suruali yake ya sufu ikalipia. Walipofika hotelini Arosa, Tobias alimwandikisha kitabuni, na mahali pa kazi ya mgeni akaandika kuwa ni mwanamichezo. Mwaka huohuo Doyle alichapisha makala katika jarida la The Strand, akatabiri kuwa siku itakuja ambapo mamia ya Waingereza watakwenda Uswisi kwa ajili ya skii tu.

Mamia hao walihitaji mtu wa kuwafungia hesabu. Henry Lunn, mhubiri wa Kimethodisti aliyekuwa mmisionari India, aliingia katika biashara ya safari kupitia mkutano wa madhehebu aliouitisha Grindelwald mwaka 1892. Aligundua kwamba Waingereza wenye uwezo walitaka kwenda milimani lakini hawakutaka kuonekana wamo kwenye msafara wa kulipia pamoja. Akawaundia klabu. Uanachama ulikuwa wa waliosoma shule za kulipia za watu wa tabaka la juu na vyuo vikuu, na klabu ikawa inakodi hoteli nzimanzima kwa msimu. Mwanachama alilipa bei moja, akawakuta watu wa namna yake mezani. Mwenye hoteli naye alikuwa na uhakika wa vyumba kujaa. Kilichouzwa kilikuwa kifurushi cha safari, ila kilivishwa koti la heshima.

Wakati huo skii zilifika hata Afrika Mashariki. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro hadi ukingo wa juu wa Kibo, na inaelezwa kuwa waliteremka kwa skii. Barafu iliyo karibu na kilele cha Uhuru, ambayo sasa imebaki mabaki, inaitwa Furtwängler hadi leo. Safari ya namna hiyo ilihitaji wapagazi na siku nyingi za kutembea, na haikuzaa biashara. Hapakuwa na njia ya kumpandisha mtu juu ila miguu yake mwenyewe.

Na hilo lilikuwa tatizo la Ulaya pia. Mteremko wa dakika chache uligharimu saa kadhaa za kupanda, kwa hiyo mgeni wa wiki mbili alipata miteremko michache tu kwa fedha zake. Ndipo mwenye nyumba ya wageni wa Schollach, katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, Robert Winterhalder, alipobuni jambo. Wageni wake wengi walikuja kwa ajili ya afya na hawakuwa na pumzi ya kukwea. Mwaka 1908 alifunga kebo ya mita 280 kwenye nguzo, akaizungusha kwa nguvu ya kinu chake cha maji, na watu wakawa wanavutwa juu huku wamesimama kwenye skii. Hiyo ndiyo lifti ya kwanza ya skii inayojulikana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, chuma chake kilitakiwa kwa kazi nyingine, lifti ikang'olewa.

Uswisi walikuwa na reli. Katika mji wa Wengen, Waingereza walipanda kwa treni ya milimani na kuteremka kwa skii, na mwaka 1925 wakaunda klabu ya watu wanaojivunia kuteremka tu bila kupanda. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1934, kule Bolgen, Davos, ilifunguliwa lifti ya kuburuta iliyobuniwa na mhandisi Ernst Constam. Miaka miwili baadaye Marekani ikajibu. Averell Harriman, mwenyekiti wa shirika la reli la Union Pacific, alitaka abiria wa kujaza mabehewa yake wakati wa baridi, akajenga mji wa likizo Sun Valley, Idaho. Mhandisi wake James Curran aliwahi kushughulikia mitambo ya kupakia ndizi melini: kebo inayozunguka yenye ndoano, na kila ndoano ina mkungu wake. Akaondoa ndoano, akaweka viti. Lifti ya viti ikazaliwa mwaka 1936 kutokana na biashara ya ndizi.

Kuanzia hapo bajeti ya skii ilipata mstari mpya ambao haukuwapo enzi za Badrutt: tiketi ya lifti. Mtelezaji hakulipia tena chumba na sahani peke yake. Alilipia kila anapopandishwa, na baadaye kila siku. Kwa wenye viwanja ilikuwa neema na kamba shingoni kwa pamoja, kwa sababu mtambo hununuliwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa theluji ije isije.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, siasa nayo ilikuwa imekwisha kutia mkono kwenye pochi za wasafiri. Mwaka 1933 serikali ya Hitler, ikiwa na nia ya kuibana Austria, iliamuru kila Mjerumani anayekwenda huko alipe kwanza mark 1,000. Kwa mfanyakazi wa kawaida huo ulikuwa mshahara wa miezi mingi. Vijiji vya Tirol vilivyokuwa vikiishi kwa wageni wa Kijerumani vilipooza karibu usiku mmoja, na kodi hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1936.

Miaka hiyohiyo ndipo alipotokea mwanamke aliyefungua mlango kwa watu wa kipato cha kati. Erna Low, msichana wa Vienna aliyekuwa akisoma London, alitaka kwenda kumwona mama yake na hakuwa na nauli. Mwaka 1932 aliweka tangazo katika gazeti la Morning Post: wiki mbili Austria kwa pauni 15, pamoja na treni, hoteli, masomo ya Kijerumani na ya skii. Watu wakajitokeza, akawapeleka Sölden, na faida ikampatia safari yake. Baada ya vita alianzisha kampuni ya usafiri iliyobeba jina lake. Hesabu yake ilikuwa nyepesi kuliko ya Lunn: hakuwauzia wateja heshima ya klabu, aliwauzia jumla iliyokwisha kupigwa, ili mwalimu au karani ajue kabla ya kuondoka nyumbani kwamba pauni 15 zinatosha.

Ufaransa ilikwenda njia nyingine, ikaiweka likizo ya theluji mikononi mwa serikali. Mwaka 1936 wafanyakazi walipata wiki mbili za likizo ya malipo, mwaka 1956 wakapata ya tatu, na mwaka 1969 ya nne. Wiki za mwanzo zilikwenda baharini wakati wa joto. Zilizoongezeka ndizo zilizoweza kwenda milimani. Mwaka 1953 shule moja ya Vanves, pembezoni mwa Paris, ilihamishia darasa zima milimani Savoie, watoto wakasoma asubuhi na kuteleza mchana, na mfano huo ukaenea nchini. Mji wa skii wa Courchevel ulianzishwa mwaka 1946 na mamlaka ya mkoa wa Savoie, kwa ramani ya msanifu Laurent Chappis aliyeiwazia akiwa mfungwa wa vita. Katika miaka ya 1960 ukaja Mpango wa Theluji: serikali iliwasaidia wawekezaji kupata ardhi na barabara ili wajenge miji mipya juu kabisa, ambako theluji ilitarajiwa kudumu na wageni wa kigeni wangeleta fedha za kigeni.

Anayetaka kuiona bajeti ya familia ya Kifaransa ya wakati ule na aingie katika chumba cha kupanga cha miji hiyo. Mlango unafunguka kwenye korido nyembamba, na hapohapo koridoni vimebanwa vitanda viwili vya ngazi kwa ajili ya watoto. Mbele kuna sebule ambayo kochi lake hugeuka kitanda cha wazazi. Jiko ni pembe ya ukuta: majiko mawili ya umeme, karo, na friji isiyofika kiunoni. Familia iliweza kuja na tambi na jibini kutoka nyumbani na kuikwepa bei ya mkahawa. Kule Les Arcs, mmoja wa miji hiyo, uliofunguliwa mwaka 1968, msanifu Charlotte Perriand aliliacha jiko wazi kuelekea sebuleni ili anayepika asitengwe, na bafu zikaletwa zikiwa zimekamilika kutoka kiwandani, zikapachikwa jengoni kipande kimoja. Vyumba vingi viliuzwa kwa watu binafsi, nao wakavipangisha. Kwa njia hiyo mtaji wa ujenzi ulitoka kwa maelfu ya wanunuzi wadogo, na hatari ya msimu mbaya ikagawanywa miongoni mwao bila wengi kuitambua.

Tarehe za kusafiri nazo zina historia yake. Uswidi, baridi kali ya mwaka 1940 ilipokutana na uhaba wa makaa kwa sababu ya vita, shule zilifungwa wiki moja mwezi Februari ili kuokoa makaa ya kupasha joto. Watoto wa mijini wakaandaliwa michezo ili wasizurure. Makaa yalirudi, likizo haikuondoka. Hadi leo ni wiki ya michezo inayopokezana baina ya mikoa. Ufaransa nayo iligawanya nchi katika kanda ili likizo za baridi zisianguke siku moja kwa wote. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano na kurefusha msimu wa wenye hoteli. Lakini mzazi mwenye watoto shuleni bado amefungwa kwenye wiki zilezile, na wauzaji wanalijua hilo. Chumba kilekile hupanda bei sana wiki za shule, kisha hushuka Machi.

Waingereza walipata kipimo chao kikali zaidi mwaka 1966. Pauni ilikuwa dhaifu, na serikali ya Harold Wilson ikaamua kuwa msafiri wa kwenda nje ya nchi zinazotumia pauni asichukue fedha za kigeni za zaidi ya pauni 50 kwa mwaka, pamoja na noti za nyumbani za pauni 15. Nauli ya ndege iliyolipwa nyumbani haikuhesabiwa, ila hoteli ya Austria au Uswisi ilihesabiwa. Kwa hiyo mpanga safari alikuwa na hesabu mbili: bei ya kifurushi, na ile sehemu ya bei inayokula ndani ya pauni 50. Kilichobaki ndicho cha lifti, mwalimu, kukodi viatu na kikombe cha chokoleti ya moto. Novemba 1967 thamani ya pauni ikashushwa kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na pauni 50 zilezile zikanunua kidogo zaidi. Kizuizi kililegezwa mwaka 1970. Katika kipindi hichohicho, Desemba 1966, Uskoti ilifungua kituo kikubwa cha likizo cha Aviemore, ambako hakuna aliyeulizwa amebeba pauni ngapi.

Wakati huo wenye viwanja walikuwa wamekwisha kuchoka kusubiri mawingu. Kampuni ya Tey ya Connecticut, Marekani, ilitengeneza skii, na majira ya baridi ya mwaka 1949–50 yalipopita bila theluji ya kutosha, mauzo yakaanguka. Wayne Pierce na wenzake wawili, Art Hunt na Dave Richey, wakaunganisha kompresa na mpira wa kumwagilia bustani, wakapuliza maji katika hewa ya baridi usiku. Matone yaliganda kabla ya kufika chini. Ni uvumbuzi wa watu waliokuwa na bidhaa isiyouzika. Jinsi ulivyohitajika ilionekana Innsbruck mwaka 1964, pale jeshi la Austria lilipolazimika kusomba theluji na vipande 20,000 vya barafu kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki. Leo yapata nusu ya eneo la kutelezea la Uswisi, na takribani tisa kwa kumi ya lile la Italia, lina mitambo ya kutengeneza theluji. Mitambo hiyo inataka maji, umeme na mabwawa. Gharama yake imo ndani ya tiketi, kwa hiyo mgeni anailipia hata mwaka ambao mbingu zimekuwa karimu.

Vail, Colorado, inaonyesha tiketi hiyo ilivyosafiri. Kiwanja kilipofunguliwa Desemba 1962, siku moja iligharimu dola 5. Katika misimu ya karibuni bei ya siku ya kilele dirishani imepita dola 300, kiasi kisichoelezwa na kupanda kwa gharama za maisha peke yake. Ni bei ya kumfukuza mtu dirishani. Mwaka 1998 Winter Park, pia ya Colorado, iliuza tiketi nne za msimu mzima kwa dola 800, na majirani wakalazimika kushusha zao. Mwaka 2008 kampuni inayomiliki Vail ikatoa tiketi ya msimu ya dola 579, inayofungua viwanja vyake vyote, kwa sharti moja: ilipwe kabla baridi haijaanza. Uswisi, mwaka 2016, Saas-Fee ilitangaza tiketi ya msimu kwa faranga 222 endapo watu wa kutosha wangejitokeza mapema.

Hapo ndipo meza ilipogeuka. Mtelezaji wa leo hulipa mwezi wa Aprili au Septemba, kama mkulima anayelipia trekta kabla ya mvua, na kampuni ina fedha mkononi kabla ya chembe moja ya theluji kuanguka. Unafuu ni wa kweli kwa anayekwenda siku nyingi. Lakini hatari ambayo mwenye hoteli wa 1864 aliibeba mwenyewe imehamia kwa mgeni, naye huiona pale tu mambo yanapoharibika. Yaliharibika Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja katikati ya msimu. Walionunua tiketi za msimu walidai haki yao, na kampuni ya Vail ikawakatia punguzo kwenye tiketi za mwaka uliofuata, kisha ikaweka utaratibu wa kurudisha fedha kiwanja kikifungwa. Miaka mitano kabla, Januari 15, 2015, benki kuu ya Uswisi iliiachia faranga yake bila onyo, ikapanda ghafla dhidi ya yuro. Mgeni aliyekwisha kulipia chumba kwa yuro alisalimika. Ambaye alipanga kulipa akifika alijikuta ameongezewa bei na soko la fedha.

Mahali pengine hatari ya kukosa theluji haipo kabisa. Tangu mwaka 2005, Dubai ina ukumbi wa skii ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, wenye eneo la mita za mraba 22,500 na baridi chini ya sifuri wakati nje jua linaunguza. Tiketi ya mteremko hujumuisha koti, suruali, viatu na skii, na huuzwa kwa muda. Huenda wako watu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi Ghuba waliokanyaga theluji kwa mara ya kwanza humo. Mteremko ni mfupi, ila bei inajulikana na theluji haikosi.

Kwa familia iliyoko Stockholm, Munich au Minneapolis inayodunduliza fedha za wiki moja milimani, historia hii ina manufaa ya moja kwa moja. Kabla ya kulinganisha bei, isome masharti: kiwanja kikifungwa kwa kukosa theluji, fedha inarudi yote, inarudi kama punguzo la mwaka ujao, au hairudi? Kiwanja kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na kina mitambo ya theluji mteremko mzima au sehemu ya chini tu? Malipo ni kwa sarafu gani, na lini? Muuzaji anayejibu maswali hayo kwa maandishi anastahili kulipwa mapema. Asiyejibu, msubirini hadi Machi, wiki za shule zikishapita na bei ikishashuka.